Sauti ya Mama Iliyolala Kituoni

Mwanahalima binti Mohamedi,
Ruaruke,
Kibiti, Pwani.

19 Januari, 2025

Mpendwa mdogo wangu Haruni,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima, umeshiba, na tajiri wako amekulipa maneno mazuri angalau kama si mapumziko. Vipi mgongo? Mara ya mwisho ulisema unakukaza ukikaa kwenye gari tangu asubuhi. Mwamini, tangu aje likizo kutoka huko Omani, anasema umenenepa, ila Mwamini kila mtu anamwona kanenepa isipokuwa yeye mwenyewe. Kula vizuri, swali kwa wakati, na asubuhi kifua ukifunike. Kifua chako nakijua tangu ukiwa mgongoni kwangu.

Sisi huku hatujambo, kwa kiasi mtu anavyoweza kusema hajambo. Goti langu la kushoto limeanza kunitabiria mvua, na mwaka huu limekuwa likidanganya. Vuli imetupita pembeni, mpunga tumeusia mara ya pili. Maimuna wangu ameanza kidato cha kwanza juma lililopita, sketi inafagia barabara, anasema shangazi zake wa mjini wakiiona watamcheka. Mama Mdogo Mwajabu bado ana nguvu za kugombana na kuku. Ukisikia kanyamaza, hapo ndipo uulize.

Najua unajiuliza dada yako amepatwa na nini hata anaandika barua kama watu wa zamani, wakati simu zipo. Juzi ulinilalamikia kwamba kila ukipiga nakueleza habari za mvua. Ni kweli. Nyumba hii nzima siku hizi tunaongea mvua. Muzdalifa mke wa mwanangu Twalibu akitaka kumwambia mumewe jambo, hata la chumvi kuisha, anamngoja arudi nyumbani. Tumekuwa watu wa kuogopa kile kidude, na sababu yake ndiyo barua hii. Kaa chini uisome ukiwa peke yako.

Umeniuliza kwa muda mrefu, nami nimekuwa nikikuzungusha: Mama alikufa akiwa radhi nawe, au hakuwa radhi? Jibu langu ni lile lile, sijui. Leo nataka ujue kwa nini sijui.

Hasira yake unaifahamu. Zawadi kabla ya kuwa mkeo alikuwa mtoto wa kaka yake Mama, nawe ulimpa talaka kwa meseji. Aliisoma akiwa shambani, jembe mkononi, katikati ya wanawake wenzake wanaopalilia. Mama alisema mwanamume wa kumwacha mke kwa kidole gumba yeye hakumzaa, akaapa kuwa sauti yako haitaingia sikioni mwake kupitia kidude hicho. Ukapiga ukachoka. Sikusemi tena, yamepita, na Zawadi ameolewa Ikwiriri, ana mtoto aliyerithi ukaidi wote wa babu mzaa mama. Lakini ujue kwamba ni Zawadi huyo huyo aliyekuwa akimgeuza Mama kitandani kule hospitali ya Mchukwi, na kumfuta jasho.

Siku yake ya mwisho, baada ya alasiri, Mama alifumbua macho akasema, "Nipeni simu niseme na mwanangu." Hakuna aliyeuliza mwana gani. Twalibu alikupigia, hukupokea, nadhani ulikuwa barabarani. Basi akamwonyesha bibi yake namna ya kurekodi: bonyeza hapa, shikilia, sema, ukimaliza achia, itamfikia. Mama akasema, "Haya, nipisheni."

Tulitoka wote, mimi, Zawadi na Twalibu, tukasimama nje ya mlango. Tulikuwa tunausikia mlio wa sauti yake ila maneno hayatufikii. Alisema kwa muda mrefu, yeye ambaye kwa juma zima alikuwa akiomba maji kwa macho. Kisha akaniita. Akaniwekea simu kiganjani, akanikunja vidole vyangu kimoja kimoja. "Hiyo ni amana ya Haruni. Asiisikilize mtu mwingine, hata wewe." Nikasema, nimepokea.

Bando la Twalibu lilikuwa limekata. Pembeni ya ile sauti kukabaki kasaa kadogo, alama kwamba bado haijaondoka. Twalibu akasema akitoka kumnunulia bibi uji atanunua na bando. Uji haukununuliwa. Mama alitutoka kabla ya magharibi, na kwa siku zile mbili tatu za kusafirisha, kuosha, kuzika na kupokea watu, nani alikuwa na akili ya bando?

Sasa sikia jinsi mambo yalivyoharibika. Unamkumbuka Huseni, mtani wetu, yule mwenye pengo. Msibani alifanya kazi yake kama inavyotakiwa. Alijilaza mbele ya jeneza akasema Mama haendi kokote mpaka alipe jogoo wake aliyemla mwaka wa mafuriko. Watu walicheka huku kamasi zinawatoka. Jioni Twalibu naye akamjibu utani kwa meseji ya kawaida, isiyotaka bando: "Mtani, zamu yako imefika. Leo hulali juu ya ardhi, kaburi lako nimelichimba mwenyewe." Utani wa msibani tumeukuta. Mtani asipokutukana siku hiyo, unarudi nyumbani ukijiuliza umemkosea nini.

Kesho yake Huseni hakuonekana. Simu yake aliiacha chini ya mto. Mkewe Sihaba si wa huku, ni mtu wa Morogoro, utani wetu kwake ni matusi tu. Alipoona mume hajarudi siku ya pili, akaifungua ile simu, akasoma maneno ya Twalibu. Mimi simlaumu. Mwanamke ambaye mumewe hayupo akikuta meseji ya kaburi, acheke vipi?

Polisi walikuja siku ya kuanua tanga. Twalibu alikuwa njiani kutoka dukani, vocha ameshaikwangua, anaingiza namba. Simu waliichukua mkononi mwake. Yeye mwenyewe walikaa naye siku kadhaa kisha akatoka kwa dhamana, maana hapakuwa na maiti wala damu, kulikuwa na meseji tu. Simu haikutoka.

Tulipokwenda kuiulizia tukaambiwa simu hiyo ni kielelezo. Mama Mdogo alifuatana na mimi siku hiyo, na alipolisikia neno hilo akakaa vizuri kwenye benchi, uso ukamkunjuka. Tulipotoka akawa anawaambia watu njiani kwamba hata serikali imekubali, simu ya mjukuu wake ni ya kuigwa, ni kielelezo. Ilibidi nimweleze kuwa kwao kielelezo ni kitu cha kupelekwa mahakamani. Alinyamaza mpaka tukafika nyumbani. Halafu akasema, "Kwa hiyo dada yangu yuko mahabusu."

Tangu hapo hakuliacha. Mama Mdogo anasema maiti ambaye neno lake halijafika hajaondoka. Tulianua tanga la watu, wageni wakaenda zao, lakini yeye mkeka wake hakuukunja. Mpaka leo analala pale chini kwenye chumba cha Mama. Shehe alikuja kumwambia kuwa jambo hilo halimo katika dini, aliyekufa amekwisha kwenda kwa Mola wake. Akamsikiliza kwa adabu, akamtengea chai. Shehe alipoondoka akasema, "Yeye si alimzika tu? Mie nilizaliwa naye."

Ananiambia humwota Mama amekaa kwenye chumba kidogo, amebanwa, anasema bila kukoma na koo limemkauka. Ningemcheka, Haruni, maana unajua mimi si mtu wa ndoto. Lakini siku moja tukiwa kituoni mlango wa stoo ulikuwa wazi, nikachungulia. Simu zimerundikwa humo kwenye magunia na maboksi, kila moja na karatasi imefungwa kwa uzi, kama samaki ng'onda waliokaushwa na kupangwa kwenda sokoni. Kuna redio humo, kuna kompyuta, kuna hata tableti ya mtoto yenye picha za katuni mgongoni. Vumbi limezifunika. Nikajiuliza humo ndani ni mama wangapi, na waume wangapi walio mbali, na wangapi wanaongoja. Nilirudi nyumbani sikula.

Kila tulipokwenda jibu lilikuwa moja, upelelezi haujakamilika. Wanalisema bila ubaya, kama mtu anavyoitikia salamu. Tulivuna mpunga upelelezi haujakamilika. Tukalima, tukapanda, tukavuna tena, haujakamilika. Hakuna aliyeweza kutuambia sheria inasema wakae nayo mpaka lini. Mmoja alituambia tungoje, mwingine akasema jalada limekwenda Dar es Salaam, wa tatu akasema limerudi ila simu ndiyo imebaki huko kupimwa. Twalibu alikuwa anapoteza wateja wa bodaboda, maana namba zao zote zimo humo. Picha pekee ya Mama akicheka nayo imo humo. Mwanawe Twalibu alizaliwa, akatambaa, akasimama, na babake hana cha kumpigia picha, kisha hata alipopata simu nyingine hakuitumia kupiga picha wala kuandika meseji. Aliniambia, "Mama, kila nikiandika neno naona mtu analisoma kwa sauti kituoni."

Mama Mdogo alikuwa akinituma nipige ile namba. Inajibu yule mwanamke wa mtandao, kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Mama Mdogo anamsikiliza mpaka mwisho, Kiswahili na Kiingereza, kisha anasema haya, kesho. Twalibu aliomba atengeneze laini nyingine ya namba ile ile, akaambiwa asiguse chochote kwanza. Ikakaa bila kutumika mpaka kampuni ikaifunga, wakampa mtu mwingine namba hiyo. Sisi hatukujua. Siku moja asubuhi nikapiga, ikaita. Haruni, ikaita. Mama Mdogo alininyang'anya simu. Upande wa pili mwanamke akasema, "Haloo, nani mwenzangu?" Na Mama Mdogo, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia tangu nizaliwe, akauliza, "Dada, ni wewe?"

Alikuwa binti wa watu wa Tandahimba, anachambua korosho. Alikuwa mpole, akasubiri, akasema shikamoo. Mimi nilikata simu, nikalia pale pale jikoni, moshi nikausingizia.

Sasa la Huseni. Baada ya mavuno ya kwanza Huseni alirudi. Kumbe alikuwa Somanga kwa mwanamke mwingine, anauza samaki, na simu aliiacha makusudi mkewe asimfuate. Alipopata habari kuwa kuna kijana anachunguzwa kwa kifo chake, alikwenda kituoni mwenyewe, akasimama kaunta akasema, "Afande, mimi ndiye marehemu." Nasikia walicheka wote, hata mahabusu. Sisi tukasema Alhamdulillah, mambo yamekwisha, kesho simu tunayo.

Siku hiyo ndipo nilipojua kitu ambacho bado kinanipotezea usingizi. Mpelelezi alituambia Huseni kurudi ni heri, meseji sasa imeeleweka, utani hata kwao upo. Lakini humo ndani kuna sauti ya bibi kizee, imerekodiwa siku chache kabla mtu hajapotea, kwa lugha ambayo wao hawaijui. Imeshaandikwa kwenye jalada, na jalada halifungwi likiwa na kitu hakijajibiwa. Kwa hiyo iliyoizuia simu haikuwa tena meseji ya Twalibu. Ilikuwa sauti ya Mama.

Alisema Kimatumbi, Haruni. Kiswahili alikijua kutuzidi, Kindengereko cha baba yetu alikisema bila kigugumizi, lakini alikusemesha kwa lugha ya kwao milimani. Na unakumbuka mwenyewe, ndani ya nyumba hii Mama alikuwa akitoa Kimatumbi kwa mambo mawili tu: kubembelezea mtoto mgonjwa, na kuapiza.

Mpelelezi ni kijana wa bara, mstaarabu, ananiita mama. Alinivutia kiti. Akaweka mezani simu ya Twalibu, ndiyo ile ile yenye ufa pembeni, na vile vidude vya masikioni. "Mama, tunahitaji mtu anayekijua Kimatumbi. Wewe ni mwanawe. Sikiliza, utuambie anasema nini, tuandike, tufunge jalada, uondoke na simu yako leo." Mbele yangu pale, mdogo wangu. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, nikauona unakwenda, nikaurudisha mapajani.

Nikamwambia, "Siwezi, afande. Hii ni amana."

"Amana ya marehemu?"

"Ya aliye hai. Mwenyewe yuko Omani, na hajaisikiliza bado."

Alivikusanya vile vidude vyake. Akasema, "Basi mama, itakaa." Hakusema kwa hasira. Ikakaa, ikapita mvua, mpunga ukapandwa na kuvunwa.

Nyumbani nikaonekana kama nimeota pembe. Twalibu, mwanangu wa kumzaa, alikuwa akipita pembeni yangu kama anapita nguzo. Mama Mdogo alisema, "Polisi walimfunga dada yangu mara moja, wewe umemfunga ya pili." Kila mtu alikuwa na fatwa yake: ningesikiliza kidogo, ningesikiliza nisielewe, ningesikiliza kisha niwadanganye. Sikumjibu mtu. Mama alinikunja vidole vyangu mwenyewe. Ningerudishwa kwenye kiti kile leo ningefanya vilevile, na ningetamani kusikia vilevile, maana usidhani sikutamani. Natamani mpaka sasa, na ninaiogopa kuliko nyoka.

Baadaye walimpata mtu wao, mzee Abubakary, Mmatumbi aliyestaafu ukarani wa mahakama, anakaa ng'ambo ya daraja, njia ya Muhoro. Walimwapisha, akatafsiri, jalada likafungwa. Mwezi wa kumi na moja tuliitwa, Twalibu akatia sahihi, tukapewa simu. Iko kama walivyoichukua, ila betri imevimba kidogo. Wale askari walitutendea vizuri siku hiyo, mmoja alitupa hata pole ya msiba. Pole ya msiba, Haruni, baada ya mipunga miwili.

Nilidhani nitafurahi. Lakini njia nzima nilikuwa nawaza kwamba sasa wapo watu, siwajui, wameishi na sauti ya Mama masikioni kabla yako wewe. Sikuvumilia. Nilipanda gari nikashuka Ndundu, nikachukua bodaboda mpaka kwa yule mzee.

Nilipiga hodi nje. Kimya. Nikapiga tena, nikasema, "Hodi wenyewe." Nikasikia kitu kinaanguka ndani. Mzee akatoka amejishika kwenye mlango, ananitazama usoni, kisha pembeni, kisha nyuma yangu. "Sema tena," akasema. Nikasema tena hodi. Akakaa chini pale pale kizingitini. Unajua watu husema sauti yangu ni ya Mama, lakini sikuwa nimewahi kuona mtu akiitetemekea.

Nikamwambia, "Shikamoo baba. Mie ni mwanawe yule bibi. Sikuja kukuuliza alisema nini." Hilo lilikuwa uongo, ndilo hasa lililonipeleka, lakini midomo ilikataa.

Mkewe alileta maji, naye akanywa. Kisha akaniambia kwamba aliapishwa kutafsiri kwa uaminifu, na katika ukarani wake wote hakuwahi kuongeza wala kupunguza neno. "Nikaenda vizuri tu, mwanangu. Anasalimu, anataja ugonjwa wake, anataja shamba. Nasema, afande anaandika. Tukafika mahali nikanyamaza. Afande akauliza, mzee mbona kimya? Nikamwambia hapo bibi anakohoa."

Nikamtazama.

"Mama yenu hakukohoa," akasema. "Ila hayo hayakuwa ya serikali. Nimemwachia mwanawe."

Nilisubiri aongeze. Hakuongeza, na wala sikuweza kumsoma machoni, maana alikuwa ameyafumba. Wakati naondoka aliniomba jambo moja, kwamba nikipita tena njia ile nisibishe hodi, nitume mtoto aniitie. Nimelishika. Nawe hili la mzee ulifiche, lisitoke nje ya barua hii. Amevunja kiapo kwa ajili yetu, asije akaitwa uzeeni.

Basi Mwamini anarudi kazini huko, na amekubali kukuletea simu ya Twalibu mkono kwa mkono. Twalibu alitaka tuitume hiyo sauti kwa mtandao mara moja, nikakataa. Imepita mikononi mwa watu wa kutosha. Tumeizima. Ukiiwasha usiiunganishe na mtandao wowote, maana laini imeshakuwa ya mtu mwingine na Twalibu anahofia kila kitu kitafutika. Namba ya siri ameiondoa. Fungua wasap, jina lako liko juu, na kasaa kale bado kapo. Ichaji kwa uangalifu kwa sababu ya betri, na usikawie. Kimatumbi chako kama kimepungua, sikiliza mara nyingi, kitarudi. Usimtafute wa kukutafsiria, hata kama atatokea Mmatumbi huko jangwani.

Sijaisikiliza. Sote hatujaisikiliza. Twalibu aliiwasha mbele yetu kuhakikisha ipo, tukakaa tumeizunguka, Mama Mdogo akaishika kifuani kwa muda, akanirudishia. Sijui kama humo amekubembeleza au amekuapiza. Radhi ya mzazi siwezi kukupa mimi, si yangu. Ya kwangu dada yako unayo, ulikuwa nayo hata siku ile ya meseji, ingawa ningekuwa karibu ningekuchapa. Likiwa jema, mshukuru Mungu. Likiwa zito, usilibebe ugenini peke yako, omba ruhusa uje, kaburi lake lipo na mimi nipo, tutakwenda kuomba pamoja mpaka liwe jepesi.

Mama Mdogo Mwajabu anakusalimu, anasema umletee ubani wa huko, ule mweupe, si wa kudanganyia wageni. Twalibu na Muzdalifa wanakusalimu, mtoto wao wamempa jina lako, nilikuwa nimesahau kukuambia. Maimuna anakusalimu na anaomba saa. Huseni marehemu anakusalimu, bado anadai jogoo, ingawa Twalibu siku hizi hamjibu utani. Zawadi naye, usishtuke, amesema nikufikishie salamu na kwamba ameshakusamehe.

Mwenyezi Mungu akulinde barabarani na nyumbani, akufungulie lililofungwa, akujaalie kurudi kwetu ukiwa na afya na miguu yako mwenyewe. Ramadhani imekaribia, ukituombea dua nasi tunakuombea.

Nakuomba jambo moja la mwisho. Ukishasikiliza, piga simu nyumbani. Nitakuwa karibu, nitampa Mama Mdogo apokee. Mwambie neno moja tu, "imefika", kisha ukate. Mama alisema nini usituambie, hata mimi. Hata nikikubembeleza, Haruni, hata siku nitakayokuuliza nikiwa mgonjwa kitandani, usiniambie.

Ni mimi nikupendaye, dada yako uliyebebwa mgongoni mwake,

Mwanahalima